Jumba la Sinema na Bendi za Tabora

Tabora iliwahi kuwa na vitu viwili ambavyo miji mingi ya bara haikuwa navyo kwa pamoja. Kilikuwapo kwanza chumba kikubwa chenye pazia jeupe, ambako filamu za Bombay na Hollywood zilioneshwa jioni. Zilikuwapo pia bendi za dansi, Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, ambazo majina yake yalivuka mipaka ya mkoa na kusikika redioni nchi nzima. Kwa mtu aliyesoma habari za London au New York, vitu hivi viwili vingepaswa kukutana. Huko, majumba makuu ya sinema yalipokosa watazamaji, wanamuziki wa roki waliyachukua na kuyafanya kumbi zao, na leo watu wazima wa miji hiyo hukumbuka jumba moja kwa mambo mawili: filamu waliyoitazama utotoni na bendi waliyoisikiliza ujanani. Kwa nini Tabora, iliyokuwa na bendi nyingi kuliko ukubwa wake, haikupata jumba la namna hiyo?

Jibu linatudai tuanze mbali, kabla ya filamu na kabla ya gita, kwa sababu namna mji unavyopokea mambo ya kigeni hutegemea mazoea yake ya zamani. Tabora ilizoea kupokea. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, palipo Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga nyumba na kupanda bustani. Njia ya kutoka Bagamoyo ilifika hapo na kugawanyika: mkono mmoja ulikwenda Ujiji, mwingine Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani; vitambaa, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Vijana wa Kinyamwezi waliobeba mizigo hiyo hawakurudi na ujira peke yake. Kwenda pwani kulikuwa sehemu ya kuwa mtu mzima, na aliyerudi alionekana kwa nguo yake, kwa maneno yake na kwa nyimbo alizozisikia njiani.

Nje kidogo ya mji, Itetemia, ndiko yalikokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe. Hapo palikuwa na utaratibu mwingine wa starehe, wenye mwenyeji na wenye adabu zake: ngoma za kutawazwa, za mavuno, za harusi. Ngoma ya namna hiyo haina mtazamaji kwa maana ya mtu aliyeketi na kunyamaza. Watu husimama duara, wengine huingia kati, wengine huitikia, na anayechoka hutoka akampisha mwenzake. Tuliweke akilini jambo hili, maana litarudi tutakapofika kwenye viti na sakafu.

Wajerumani walipomshinda Mtemi Isike mwaka 1893, utawala wa Unyanyembe ulidhoofika, lakini mji haukupoteza nafasi yake njiani. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Safari ya miezi sasa ilihesabiwa kwa siku, na mpagazi akawa kibarua wa reli. Kisha vita ya kwanza ya dunia ikawakusanya maaskari na wabeba mizigo kutoka kila pembe, na pamoja nao ikasambaa beni, ngoma ya pwani iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi. Beni ilikuwa na makundi mawili yaliyoshindana, Marini na Arinoti, na wanachama walipeana vyeo vya majenerali na wafalme. Wapo wanaoiona beni kama mzaha dhidi ya wakoloni, na wapo wanaoiona kama njia ya wageni wa mjini kusaidiana katika misiba na shida. Nadhani ilikuwa yote mawili, lakini kwa habari yetu la maana ni hili: beni iliwafundisha watu wa miji ya reli kuunda chama, kukusanya michango, kununua vyombo na kushindana. Bendi za dansi zilizokuja baadaye zilirithi utaratibu huo karibu wote.

Sinema nayo ilitoka upande ule ule mizigo ilikotoka zamani. Unguja, mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla alifungua Royal mwaka 1921, katika jengo lililochorwa na J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye mkono wake unaonekana katika majengo mengi ya Mji Mkongwe. Baadaye jumba hilo liliitwa Majestic. Dar es Salaam, Tanga na miji mingine ilifuata, na kwa kawaida wenye majumba walikuwa wafanyabiashara wa asili ya Kihindi, ambao tayari walikuwa na jamaa Bombay, maduka bara na watu wa kuaminiana nao kila kituo cha reli. Biashara ya filamu ilihitaji mtandao huo. Nakala moja ya filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo haikuweza kukaa mahali pamoja. Ilianza kwenye majumba makubwa ya pwani, kisha ikafungwa ndani ya makopo ya bati na kusafirishwa bara, ikioneshwa mji baada ya mji. Ilipofika mwisho wa safari ilikuwa imekwaruzika na kuungwa mara kadhaa, na mtazamaji wa bara alizoea picha inayoruka ghafla kutoka mlangoni hadi kitandani. Mafundi wa mashine walijua kasoro ya kila kopo.

Inafaa tuliingie jumba lenyewe, kwa sababu umbo lake lina neno katika swali letu. Jumba la sinema hujengwa kwa ajili ya jicho. Sakafu huinama kuelekea pazia ili kichwa cha aliyeketi mbele kisimzibe aliye nyuma. Viti vimeunganishwa safu kwa safu na kupigwa bolti chini. Juu nyuma kuna balkoni ya wenye kulipa zaidi, na nyuma ya balkoni kuna chumba kidogo chenye kuta nene na matundu madogo ukutani. Ndani ya chumba hicho kulikuwa na mashine mbili, kwa sababu gurudumu moja la filamu ya milimita 35 lenye futi 2,000 huisha baada ya dakika kama 22. Fundi alichungulia alama ndogo ya duara ikitokea pembeni mwa picha, akawasha mashine ya pili wakati ile ya kwanza inazimika. Mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyowekwa karibu karibu, umeme ukiruka kati yake, navyo vilipungua kama mshumaa na kuhitaji kusogezwa. Kuta zilikuwa nene kwa sababu ya moto. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachoshika moto upesi na kuendelea kuungua hata kikizamishwa majini, na hata bila kutaja nitrati, moto ulikuwa hofu ya kila mwenye jumba. Majestic ya Unguja yenyewe iliungua mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikajengwa upya kwa mtindo wa kisasa wa wakati huo na kufunguliwa tena 1955.

Ndani ya jumba hilo watu walipangwa kwa bei. Tofauti na Afrika Kusini, ambako sheria iliwatenga watazamaji kwa rangi, Unguja na kwenye miji ya Tanganyika aliyekuwa na fedha ya tiketi kwa kawaida aliingia, ingawa bei yenyewe ilijua ni nani ana senti ngapi. Mbele kabisa, karibu na pazia, walikaa vijana na watoto, shingo juu. Ilipokuja filamu kubwa tiketi zililanguliwa mlangoni. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka India mwaka 1951, na Mother India ya mwaka 1957 ziliwatoa machozi watu wasiojua hata neno moja la Kihindi. Aliyejua kidogo alimtafsiria jirani kwa sauti, na walio mbele walimwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, ingawa kila mmoja alijua kuwa steringi hafi. Kwa hiyo hata kwenye viti vilivyopigwa bolti, duara la ngoma halikufa lote. Lilihamia kwenye koo.

Wakoloni nao waliona nguvu ya pazia. Kati ya 1935 na 1937 lilifanyika jaribio kubwa lililokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, likisimamiwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa fedha zilizotoka zaidi shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya na uwekaji wa akiba, kisha lori likazunguka Afrika Mashariki na kuzionesha uwanjani usiku. Watu walikusanyika kwa wingi. Lakini filamu ya bure ya kumfundisha mtu kuchimba choo haikumzuia kutafuta senti za kwenda kumwona mtu wa kwenye farasi, na hapo ndipo wafanyabiashara walipowazidi maofisa ujanja.

Sasa tugeukie muziki, ambao ulikuja kwa sahani za santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, zenye muziki wa Cuba, na santuri hizo zikauzwa sana Afrika. Rumba ilisikika kama jambo la nyumbani lililosafiri na kurudi. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwa imeanza 1932. Morogoro, Tanga na Tabora zikafuata. Kiko Kids ilianza Tabora katika miaka ya 1940, na kwa uongozi wa Salum Zahoro ikawa miongoni mwa bendi zilizoheshimiwa sana Tanganyika. Mwisho wa miaka ya 1950 ilizaliwa Dar es Salaam bendi ya Western Jazz, yenye mtindo wa Saboso, ambayo jina lake lilitoka kwenye Jimbo la Magharibi. Makao makuu ya jimbo hilo yalikuwa Tabora, na watu wa huko waliohamia pwani ndio walioipa bendi mizizi yake. Nyanyembe Jazz ilibeba jina la utemi wenyewe. Mwaka 1963 vyeo vya watemi vilifutwa kisheria, na katika miaka iliyofuata jina la Unyanyembe lilisikika mara nyingi zaidi kutoka kwa mtangazaji wa redio anayetaja bendi kuliko kutoka kwa mpiga mbiu.

Kwa nini Tabora hasa? Wengine husema ni reli: karakana, vibarua wenye mshahara wa kila mwezi na wageni wa makabila mengi wasio na ngoma moja. Wengine husema ni shule, maana Tabora ilikuwa na shule ya serikali ambako Julius Nyerere alisoma kuanzia 1937, na shule ya Mtakatifu Maria ambako alirudi kufundisha. Vijana wa shule walijua kusoma noti, au walau kusoma majarida. Wengine hutaja wanajeshi waliorudi kutoka Burma mwaka 1945 wakiwa na fedha na masikio mapya. Sababu ya shule naiona dhaifu kidogo, kwa sababu wapiga dansi wengi walijifunza gita mitaani kwa kusikiliza. Reli naiona nzito zaidi, kwa kuwa hata Morogoro na Dodoma, miji ya reli ile ile, zilipata bendi, na kwa kuwa bendi yenyewe huishi kwa kusafiri.

Bendi hizi zilipigia wapi? Hapa ndipo njia za sinema na dansi zilipoachana. Baada ya vita ya pili serikali ya Kiingereza ilijenga mijini vituo vya ustawi wa jamii, kwa nia ya kuwapa Waafrika mahali pa kusoma magazeti, kujifunza kushona na kutumia jioni zao bila fujo. Dar es Salaam kulikuwa na Arnautoglu, ambayo watu waliita Anatoglo. Vituo vya namna hiyo vilikuwa na ukumbi wenye sakafu tambarare na viti vya kukunja. Jumamosi viti vilisogezwa ukutani, na dansi likaanza. Baadaye zikaja baa zenye ua wa saruji. Dansi halitaki zaidi ya hapo: sakafu sawa, umeme wa kipaza sauti, bia, na mlango wa kukusanyia kiingilio.

Maelezo ya kwanza ya swali letu, basi, ni sakafu. Huwezi kucheza rumba kwenye mteremko, kati ya safu za viti vilivyofungwa. Maelezo haya ni ya kweli, na yanaeleza pia kwa nini muziki wa kukaa na kusikiliza uliingia kwenye majumba ya sinema bila taabu. Talat Mahmood, mwimbaji wa filamu za Kihindi, alizuru Afrika Mashariki mwaka 1956, na mwimbaji wa namna hiyo alihitaji hasa kile ambacho jumba la sinema lilikuwa nacho: jukwaa dogo mbele ya pazia na mamia ya viti vinavyolitazama. Taarabu nayo ni muziki wa kuketi, mtu akainuka tu kwenda kutunza.

Maelezo ya pili ni pombe na heshima. Kwa sehemu kubwa ya enzi ya Waingereza Mwafrika alihitaji kibali ili anywe bia ya chupa, na hata masharti hayo yalipolegezwa, mwenye jumba la sinema hakutaka kuchanganya biashara. Wateja wake walikuwa familia. Katika miji ya pwani yalikuwapo maonesho ya mchana ya wanawake peke yao, na mume aliyemruhusu mkewe kwenda alifanya hivyo kwa kuamini kuwa mahali pale pana staha. Jumba likinuka bia ya jana, imani hiyo huondoka.

Hata hivyo maelezo haya mawili hayatoshi. Viti hung'olewa. Mteremko hujazwa. Bia hufagiliwa. London walifanya hivyo, au hawakujali, na huko ndiko tutakakopata sababu nzito kuliko zote.

Mwaka 1946 Waingereza walikata tiketi za sinema zaidi ya bilioni 1.6. Kisha televisheni ikaingia majumbani, na kufikia 1970 tiketi zilikuwa chini ya milioni 200. Majumba yenye viti elfu mbili au tatu yakabaki na watazamaji wachache waliotawanyika. Wakati huo huo roki ilikuwa imekua: vipaza sauti vikubwa, umati mkubwa, na vijana waliotaka kuikabili bendi uso kwa uso badala ya kucheza wawili wawili. Jumba la Astoria la Finsbury Park, lililofunguliwa 1930 likiwa na chemchemi ya maji ukumbini na dari iliyopambwa nyota kama anga la usiku, likawa Rainbow mwaka 1971. Bob Marley alipiga hapo 1977. Kabla yake, mwaka 1974, alisimama kwenye jukwaa hilo, pamoja na bendi yake ya Queen, kijana aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, aliyehamia Uingereza na familia yake mwaka wa Mapinduzi ya Zanzibar, na ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury. Mtoto wa mji wa Majestic aliimba roki ndani ya sinema iliyokufa, ila sinema hiyo ilikuwa ya Waingereza.

Katika mwaka huo huo wa 1974 majumba ya sinema ya Tanzania hayakuwa yamekufa. Yalikuwa yanajaa. Nchi ilikuwa na majumba zaidi ya 30, televisheni ya Zanzibar ndiyo kwanza inaanza, na Bara ingengoja miaka 20 zaidi kabla ya kituo chake cha kwanza kurusha matangazo. Filamu za Bruce Lee zilikuwa zimefika, na vijana walitoka kwenye onyesho wakirushiana mateke. Hakuna mwenye jumba linalojaa atakayelikodisha kwa bendi Jumamosi usiku, saa ile ile anayopata fedha nyingi kuliko zote. Na bendi nazo zilikuwa kileleni: Tabora Jazz, ikiwa na Shem Karenga aliyetoka Kigoma, ilipiga mtindo wa Segere Matata, na wimbo wa Dada Asha ukawa wa nchi nzima. Zilikuwa na vyama vyao, ukumbi wao na studio za Radio Tanzania Dar es Salaam za kurekodia. Hazikuhitaji jumba la mtu.

Roki yenyewe, tukitumia neno hilo kwa maana yake finyu, ilikuwapo Dar es Salaam zaidi kuliko Tabora, nayo ilikutana na serikali. Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana kuanzia Januari 1969, ukizikataza sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Novemba mwaka huo Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul jijini. Vijana walihamishia mambo yao kwenye dansi za Jumapili mchana, walizoziita bugi, na marufuku yakalegea polepole kama marufuku mengi. Lakini mwenye jumba mwenye akili, akiona hayo, angefikiri mara mbili kabla ya kuwapa jukwaa vijana wenye magita ya umeme.

Mabadiliko makubwa yalitokea kwenye umiliki. Unguja majumba yalitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Bara, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa 1968 na kupewa kazi ya kuagiza na kusambaza filamu, na sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ikawapokonya wafanyabiashara wengi majengo yao. Je, utaifishaji ndio ulioua sinema? Wako wanaosema hivyo moja kwa moja. Ushahidi wa tarehe unataka tuwe waangalifu, kwa sababu watu waliendelea kujaa kwa miaka kadhaa baada ya 1971. Utaifishaji ulifanya kazi yake kwa upole zaidi: aliyekuwa mwenye jengo akawa mpangaji au meneja, na mpangaji hapaki rangi wala habadilishi mashine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 na vita ya Kagera kufuata mwaka 1978, fedha za kigeni zikaadimika, vipuri vikakosekana, na filamu zile zile zikarudiwa mpaka watu wakazikariri.

Ndipo video ikaingia, katika miaka ya 1980. Kanda moja iliyonakiliwa Dubai iliweza kuoneshwa sebuleni kwa ndugu na majirani, halafu kwenye mabanda ya mitaani, ambayo watu waliyaita vibanda umiza kwa jinsi walivyobanana humo. Huko alipatikana hata mfasiri wa kulipwa. Marehemu Lufufu alipata umaarufu nchi nzima kwa kuzitia filamu za kigeni maneno ya Kiswahili, na huyo kwa hakika ni mjukuu wa yule jirani aliyekuwa akitafsiri Awara kwa sauti. Mwaka 1994 televisheni ikaanza Bara, na majumba yaliyokuwa yakijikongoja yakafungwa moja baada ya jingine.

Sasa majengo yalikuwa matupu, yakimsubiri mpangaji. Lakini bendi nazo zilikuwa zimechoka. Vyombo vilikuwa vimezeeka, wanamuziki wazuri wa mikoani walikuwa wamevutwa na bendi za mashirika ya umma Dar es Salaam, disko lilikuwa likijaza ukumbi kwa gharama ya mtu mmoja na sanduku la santuri, na baada ya hapo ikaja bongo fleva iliyohitaji studio kuliko sakafu. Nalitaja hili kuwa jibu kuu: London jumba lilikufa wakati muziki unakua, na kwetu vyote viwili vilidhoofika kwa pamoja. Saa hazikulingana. Wapangaji waliopatikana walikuwa wenye maduka, wenye maghala na makanisa mapya. Hili la makanisa si la kwetu peke yetu, kwani Rainbow yenyewe, muziki ulipoondoka, ilichukuliwa na kanisa katika miaka ya 1990. Mhubiri naye hutaka jumba ambalo kila kiti kinamtazama mtu mmoja.

Nairobi ndiko saa zilikolingana, nako ni kwa sababu ya fedha za nje na watu wenye ukaidi. Jumba la Shan, Ngara, lililokuwa la filamu za Kihindi, lilichukuliwa katika miaka ya 2000 na Sarakasi Trust, taasisi iliyoanzishwa 2001 kwa msaada wa Waholanzi, likawa Sarakasi Dome: wanasarakasi na wacheza dansi hufanya mazoezi mchana, na usiku wa maonesho bendi hupanda jukwaani. Unguja ilikwenda njia nyingine. Majestic ilibaki gofu, huku tamasha la filamu lililoanza 1998 na tamasha la muziki la Sauti za Busara lililoanza 2004 yote yakienda Ngome Kongwe, kwenye uwanja wa wazi wenye ngazi za mawe. Huko pazia hutundikwa mwezi mmoja na vipaza sauti hupangwa mwezi mwingine. Aliyetaka kuona sinema na muziki vikikaa nyumba moja Tanzania amevikuta ndani ya boma la karne ya 17 lisilo na dari.

Mwaka 2014, miaka 40 baada ya maonesho yenyewe, rekodi za Queen kutoka Rainbow zilitolewa rasmi na kuuzwa duniani kote. Desemba mwaka huo huo Shem Karenga alifariki dunia Dar es Salaam, akiwa bado analitumia jina la Tabora Jazz. Alichorekodi Radio Tanzania kiko kwenye kanda za maktaba ya shirika la utangazaji, pamoja na kazi za Kiko Kids na Nyanyembe Jazz, na redio hupiga baadhi yake kwenye vipindi vya zilipendwa. Kwa jumba la sinema la Tabora hakuna kanda inayolingana na hizo. Filamu zilizooneshwa humo zilikuwa za kuazima, na kopo la mwisho lilirudishwa stesheni kama mengine yote.